Mwanya wa Mlango Huanzia Kwenye Chesi

Msikilizaji, tuanze na mwanya wenyewe. Mlango wa pikapu kuukuu umefungwa, na kwa juu ukingo wake wa nyuma umekaribia kuigusa nguzo, hata karatasi inapita kwa shida. Kwa chini, kwenye mlango uleule, mwanya umefunguka kiasi cha kupitisha kidole. Gari limetolewa uani lilikolala miaka mingi, mwenyewe ameamua kulirudishia hali yake ya zamani, na fundi bodi amekabidhiwa kazi. Mara nyingi mno kazi hiyo huanza na nyundo mlangoni, huendelea na msasa, na huishia kwenye kopo la puti. Hoja yangu leo ni kwamba kazi iliyopangwa hivyo imeanzia mwisho. Mlango ndio wa mwisho kulaumiwa. Mwanya uliokwenda upande ni ushahidi wa jambo lililotokea mahali pengine, kwenye chesi, kwenye miguu ya kebini, kwenye nguzo au kwenye bawaba, na fundi anayeugonga mlango kabla ya kuusoma ushahidi huo anaufuta kwa mkono wake mwenyewe. Aliyejenga mteremkoni anajua kwamba mlango wa nyumba ukianza kukwaruza sakafu miaka michache baada ya kuhamia, haupigwi randa kabla msingi haujachunguzwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa magari ya Old Moshi, mlimani juu ya mji wa Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji mpya ulikua huko chini kuizunguka stesheni, na makao ya zamani yakabaki juu mlimani. Tangu hapo kila kinachouzwa kutoka juu hakina budi kuteremshwa, na kila kinachokosekana juu hakina budi kupandishwa. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, kahawa ya vyama vya msingi iliteremka mjini kukobolewa na kuuzwa. Ndizi huteremka sokoni Kiboriloni. Mabua ya mahindi na majani hupandishwa kutoka mashamba ya tambarare, kwa kuwa ng'ombe wa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, hulishwa zizini. Barabara itokayo Kiboriloni kupitia Kikarara na Tsuduni hadi Kidia ni ya kupanda na kupinda, na gari lenye mzigo kwenye njia ya namna hiyo haliketi sawasawa: gurudumu la mbele kulia limekwea jiwe, la nyuma kushoto limezama, na chesi iliyo katikati inasokotwa. Chesi imeundwa ivumilie kusokotwa kisha irudi. Ikisokotwa hivyo miaka 40, huku kutu ikiila kwa ndani, hairudi yote, na kile kisichorudi ndicho kinachoonekana mlangoni.

Nichukue Land Rover, gari ambalo ukanda huu unalipenda kiasi kwamba Oktoba 2024 mamia yao yalikusanyika Arusha kwa tamasha lao wenyewe. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo sababu sehemu kubwa ya bodi ilifunikwa kwa aloi ya alumini, ilhali chesi na ukuta wa mbele vilibaki vya chuma. Ukuta huo unaotenganisha injini na dereva ndio unaobeba bawaba za milango. Haukuchomelewa kwenye chesi. Umefungwa kwa bolti kwenye mabano yanayojitokeza ubavuni mwa chesi, na mabano hayo hurushiwa matope na magurudumu ya mbele maisha yao yote, yakashika unyevu, yakaoza. Sanduku la nyuma, pamoja na nguzo ambako kitasa hujifungia, ni kipande kingine chenye bolti zake. Kwa hiyo mlango unaning'inia kwenye kipande kimoja na kujifungia kwenye kingine, na kinachopanga umbali kati ya vipande hivyo viwili ni chesi. Ndani ya mlango kuna tatizo la ziada: fremu ya chuma imevikwa ngozi ya alumini, na metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe kwenye mikunjo ya chini. Ukiuona unga huo usidhani ni mabaki ya puti ya zamani. Ni mlango unaomomonyoka.

Sasa turudi kwenye mwanya tuliouanza nao, uliobana juu na kufunguka chini. Unaweza kuwa na sababu mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa tiba. Ya kwanza ni bawaba iliyolika: pini imepata uhuru, mlango umeinama kwa uzito wake, na ukingo wake wa nyuma umeshuka. Ya pili ni ukuta wa mbele ulioegemea nyuma, ukaubeba mlango mzima pamoja na bawaba zake. Nyundo haiwezi kuzitenganisha sababu hizi, ila mkono unaweza. Fungua mlango nusu, ushike kwa chini upande wa kitasa, uinue. Ukipanda kabla ya gari kuanza kupanda nao, bawaba zimelika. Usipocheza hata kidogo, ziache bawaba. Kisha utazame mwanya wa mbele, ule wa upande wa bawaba. Bawaba ya juu ikilika, mwanya wa mbele nao hufunguka juu. Ukuta ukiegemea, mwanya wa mbele hubaki sawa kutoka juu hadi chini, kwa sababu mlango na nguzo yake vimeinama pamoja. Baada ya hapo nenda upande wa pili wa gari. Milango yote miwili ikiwa na kasoro ileile, ukuta umeegemea au chesi imelegea katikati. Kulia kukibana juu na kushoto kukibana chini, chesi imesokoteka. Mlango wa dereva peke yake ukiwa na kasoro, na wa abiria ukiwa mzima, anza kuzishuku bawaba, kwa kuwa huo ndio unaofunguliwa mara nyingi zaidi.

Uchunguzi huu huchukua dakika chache na hauhitaji mashine. Unahitaji sharti moja, nalo ndilo linalovunjwa zaidi kwenye miteremko yetu: gari liwe mahali palipo sawa. Ua wa kihambani mara chache huwa tambarare. Gari likiegeshwa kwa kuinama, au likiinuliwa kwa jeki pembe moja, chesi yake hujipinda kidogo, na fundi hujikuta anarekebisha mwanya ulioletwa na ua. Akimaliza, gari likishuka barabarani mwanya mpya huzaliwa. Kwa hiyo kabla spana haijashikwa, gari lilazwe sawa. Mpira wa maji unaotumiwa na waashi, lile bomba la kuonyesha lililojazwa maji, unatosha kabisa kusawazisha pembe nne za chesi, na tena ni mwaminifu kuliko pima maji fupi, kwa sababu unalinganisha pembe zilizo mbalimbali kwa wakati mmoja. Uzito nao uwepo. Chesi iliyovuliwa injini na gia boksi hukaa tofauti na iliyovibeba, hivyo mianya iliyopangwa kwenye gari tupu itahama siku injini itakaporudishwa. Springi iliyochoka upande mmoja nayo ishughulikiwe mapema, la sivyo utakuwa unasoma springi ukidhani unasoma chesi.

Kisha chesi ipimwe. Ning'iniza timazi kutoka tundu au bolti zinazolingana kulia na kushoto, weka alama ya chaki sakafuni chini ya kila ncha, halafu pima kutoka alama ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Vipimo viwili hivyo vya mshazari vikilingana, chesi haijasukumwa upande. Vikipishana, fundi amepata jibu ambalo kopo zima la puti lisingempa. Kusokoteka hupimwa kwa namna nyingine: laza vyuma viwili vilivyonyooka kukata chesi, kimoja mbele na kingine nyuma, chuchumaa na utazame kimoja kupitia juu ya kingine. Macho ya binadamu ni hodari sana wa kuona mistari miwili isiyokwenda sambamba. Hizi ni mbinu za gereji za zamani, kabla ya vipimo vya leza, na nina imani kwamba chuo kama VETA Moshi kikiwazoesha vijana kuzitumia kabla ya kuwaonyesha namna ya kukoroga puti, kitakuwa kimewapa ujuzi unaodumu maisha yote.

Lori la chuma tupu, kama Bedford za muundo wa J zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, lina mantiki ileile kwa mpangilio tofauti. Kebini yake imechomelewa ikawa kitu kimoja, na imeketi juu ya chesi kwa miguu yenye mipira. Mipira hiyo hukauka na kubonyea, na haibonyei kwa kiasi kimoja. Mguu mmoja ukishuka milimita 5, kebini hujisokota na tundu la mlango hupoteza umbo la pembe zake. Hapa tiba yaweza kuwa mpira mpya, au washa chache zilizowekwa chini ya mguu sahihi, na mwanya ulioonekana kuhitaji kukatwa na kuchomelewa ukajirudi wenyewe. Fundi aongeze washa moja, akaze, atazame mlango, aongeze nyingine. Pale nguzo au sakafu ya kebini inapokuwa imeoza na lazima ikatwe, kuna kanuni isiyo na msamaha: kabla ya kukata, tundu la mlango lifungwe kwa vyuma vya muda vilivyochomelewa mshazari, mlango ukiwa umekwisha kuning'inizwa na mianya kupimwa. Kebini iliyokatwa sakafu bila kufungwa hivyo hujiachia, na fundi huchomelea bati jipya kwa ustadi mkubwa katika umbo lisilo lake. Hakuna kosa lenye gharama zaidi kwenye kazi hii, kwa sababu huonekana baada ya kila kitu kuchomelewa.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu, nalo husemwa na watu wanaoyajua magari haya vizuri. Wanasema Land Rover haikuwahi kuwa na mianya iliyo sawa, hata siku ilipotoka kiwandani Solihull. Iliundwa kwa vipande vya kufungwa kwa bolti, matundu mengi yakiwa mapana kuliko bolti zake ili kipande kisogezwe, na mfungaji alisogeza mpaka mlango ukajifunga, basi. Kwa nini basi tuhangaike na milimita? Nakubali sehemu ya kwanza ya pingamizi hili bila kusita. Tena naongeza kwamba anayezisuka upya kingo za milango ya Land Rover ya mwaka 1965 mpaka mwanya uwe mwembamba kama wa gari la kisasa hajairudishia hali yake. Ameivisha hali ambayo haikuwahi kuwa nayo. Ila mwanya wa kiwandani na mwanya wa chesi iliyochoka haina tabia moja. Wa kiwandani hukaa pale pale. Mlango wake hujifunga kwa mkono mmoja, na ukiliegesha gari tambarare au mteremkoni hubadilika kidogo tu. Mwanya wa mabano yaliyooza huhama kila gari linapobeba mzigo. Kinachotafutwa ni mwanya ambao fundi anaweza kuueleza sababu yake. Ukiwa na milimita 4 juu na 6 chini, na chesi imepimwa ikawa sawa, na bawaba ni nzima, na mlango unajifunga bila kusukumwa, uachwe.

Pingamizi la pili ni la fedha, na hilo ndilo linaloamua mambo kwenye gereji nyingi. Mwenye gari analipia kinachong'aa. Hakuna anayewaonyesha wageni mabano ya chesi. Fundi akitumia wiki ya kwanza kupima na timazi, mteja huona gari lilelile chafu na kuanza kupiga simu. Hali hiyo naielewa, na sioni kwamba fundi ndiye wa kubebeshwa lawama yote. Lakini tuhesabu gharama kwa uaminifu. Uzi, chaki, mpira wa maji na washa ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote vitakavyoingia kwenye kazi hiyo. Kinachokula fedha ni rangi, na rangi iliyopigwa juu ya mwanya wa uongo hupigwa mara mbili. Puti ikijengwa nene kwenye ukingo wa mlango imewekwa mahali pabaya kuliko pote kwenye bodi, kwa kuwa ukingo ndio unaopokea kishindo kila mlango unapobamizwa, na ndio unaotetemeka barabara ikiwa mbovu. Hupata nyufa ndogo, nyufa zinaingiza maji ya masika, na chuma kilicho chini kinaendelea kuoza kikiwa kimefichwa. Kabla ya hapo mwenye gari ataona dalili ambazo hatazihusisha na mwanya: vumbi jekundu ndani ya kebini wakati wa kiangazi, maji miguuni wakati wa mvua, kitasa kinachohitaji kubamizwa. Njia ya haki ni makubaliano ya malipo kwa hatua, na hatua ya kwanza ilipwe ikiwa haina rangi hata tone moja: chesi, miguu, nguzo na bawaba, na mlango unaojifunga ukiwa mtupu. Mteja aitwe aufunge mlango huo mwenyewe. Atakisikia alicholipia.

Wapo pia wanaosema kwamba kukata na kujenga upya ukingo wa mlango ni njia ya mkato inayofika palepale. Ni njia halali, ila mahali pake ni mwishoni. Baada ya yote kunyooka, mwanya ukibaki mpana kwa milimita moja au mbili kwenye mlango wa chuma, fundi anaweza kuchomelea uzi mwembamba wa chuma kwenye ukingo, kidogo kidogo ili bati lisipinde kwa joto, kisha akasaga mpaka mwanya ulingane. Ukifanya hivyo mapema, umetengeneza mlango unaofaa tundu lililopinda, na siku tundu litakaponyooshwa mlango huo utakuwa hauna gari. Kwenye alumini uangalifu uwe maradufu. Metali hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, wakati chuma cha bodi huhitaji karibu nyuzi 1,500, na alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya. Fundi aliyezoea chuma hungoja rangi, na badala ya rangi hupata tundu. Isitoshe, alumini hutanuka kwa joto karibu maradufu ya chuma. Mlango wa upana wa mita moja ukitoka kwenye ubaridi wa alfajiri ukapigwa na jua hadi joto lake likaongezeka nyuzi 30, ngozi yake hurefuka takriban milimita 0.7. Ni kidogo, ila ni sababu tosha ya kutoupanga mwanya mwembamba mno asubuhi na kushangaa unakwaruza rangi saa nane mchana.

Mpangilio wa mwisho basi huenda kutoka kwenye kisichosogea kuelekea kwenye kinachosogea. Chesi kwanza, kisha kebini au ukuta wa mbele, kisha bawaba, kisha ukingo wa nyuma wa mlango ulinganishwe na nguzo, na madigadi na boneti zije mwisho kabisa kuufuata mlango. Wakati wa kupanga, mpira wa mlango uvuliwe na kipokeo cha kitasa kitolewe, kwa sababu vyote viwili huuinua au kuusukuma mlango na kuufanya uonekane umenyooka wakati umeshikiliwa tu. Mlango ukikaa sawa bila msaada huo, vifungwe. Mpira mpya ni mgumu kuliko wa zamani, utausukuma mlango nje kidogo, na hilo lipewe nafasi kabla ya rangi. Bawaba zitobolewe tundu dogo la alama, la milimita 3, kupita kwenye bawaba na nguzo pamoja, ili baada ya kuvuliwa na kupigwa rangi zirudi mahali pake bila kubahatisha. Vipimo vya mianya, juu, katikati na chini, kulia na kushoto, viandikwe kwenye daftari litakalokaa na gari. Gari likishakwenda kilomita 1,000 hivi, likiwa limepanda na kushuka na mzigo wake, lilazwe tena mahali palepale palipo sawa na mianya ipimwe upya, kwa kuwa mipira ya miguu ya kebini hukaa vizuri baada ya kazi, si kabla. Mwanya uliohama milimita moja kwenye mlango mmoja unamwambia fundi ni mguu upi wa kuongezea washa.